Aliya Hajaacha Kazi

Aliya alipata khabari kuwa ameacha kazi akiwa amekaa juu ya godoro la msiba, kikombe cha kahawa mkononi, na aliyemletea khabari yenyewe alikuwa amekuja kumhani.

Alikuwa Masouda, mwenzake wa ofisini, anayekaa meza ya mapokezi. Aliingia pamoja na wanawake wanne wa jirani hapo Mabela, mtaa wa Maskati, akavua viatu, akamkumbatia, akasema yale yanayosemwa: Mungu akupe subira, Safwan alikuwa mtu wa watu, sote njia yetu moja. Bi Wadha, mamake marehemu na mkwewe Aliya, alikuwa pembeni na dele lake, akimimina kahawa kikombe baada ya kikombe na kuisukuma sahani ya tende kwa kila aliyefika. Mpaka hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kila penye msiba. Kisha Masouda akatia mkono mkobani akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya maua na utepe wa kijani.

"Hii tumechanga sote," alisema. "Hata mfagizi katia chake. Tulitaka tukuage vizuri, lakini ndio hivyo, hatukujaaliwa. Chumba kile cha mashine kitakuwa kitupu bila wewe, Aliya, wallahi."

"Mniage nnakwenda wapi?"

Masouda aliwatazama wenzake, kisha akalitazama zulia. "Si umeacha kazi? Mudiri wa ofisi katutangazia Jumamosi, katusimamisha sote pale ukumbini. Shemegi yako Marhoon alikuja mwenyewe, na kilemba chake na bakora yake, wakafungiana ndani wakanywa kahawa. Alipotoka ndipo tukaambiwa."

Mwanamke mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Mwingine akaifunua tende akatafuta kokwa kwa bidii, kama aliyeipoteza humo. Bi Wadha alisita kumimina, dele limeinama nusu.

Aliya aliipapasa ile zawadi. Ilikuwa nzito na ya mviringo, pengine saa ya ukutani, pengine sinia. Hakuifungua. Alimrudishia Masouda mapajani.

"Rudi nayo, mwenzangu. Zawadi ya kuaga hupewa anayeondoka."

"Jamani, Aliya, na kadi imeshaandikwa majina ya watu wote."

"Basi bakini na majina yenu. Langu msilifute."

Wageni walipoondoka, Bi Wadha alikusanya vikombe, akavisuuza, akavifuta, akavipanga kwenye sinia. Aliya hakumuuliza kama alijua. Aliona tu namna alivyokuwa akifuta kikombe kimoja mara tatu, akaelewa kuwa na yeye hakuambiwa.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Karibu na Bandari ya Sultan Qaboos, kule Mutrah, palikuwa na ofisi ya wakala wa meli, na nyuma ya ofisi hiyo chumba cha baridi kali ambamo mtu huvaa sweta hata mwezi wa saba. Ndani yake zilikaa seva nane, yaani zile kompyuta kubwa zinazoweka kumbukumbu zote za ofisi: meli gani imefika, imebeba nini, nani anadai mzigo wake. Zamani kila seva ilikuwa na kibodi yake, kioo chake na mausi yake, na chumba kikawa hakina pa kukanyaga. Aliya ndiye aliyeviondoa vyote akabakisha kibodi moja, kioo kimoja na mausi moja, vimefungwa kwenye kisanduku cha swichi chenye vitufe vinane. Bonyeza cha kwanza, unasema na seva ya kwanza. Bonyeza cha pili, unasema na ya pili. Ni kama mpishi wa harusi mwenye mwiko mmoja na masufuria manane. Shughuli ni kukumbuka mwiko umo katika sufuria gani, usije ukatia chumvi kwenye halua.

Na mwaka uliopita, huo wa elfu mbili na tatu, alimwomba mudiri swichi mpya iliyo na tundu moja zaidi. Hiyo mtu aliyeko nyumbani kwake huweza kuipata kwa laini ya simu, akaona kwenye kompyuta yake kile kile kinachoonekana kule chumbani, na mausi akaichezesha kama yuko pale pale. Aliyeko chumbani na aliyeko nyumbani huona kitu kimoja. Wakiishika mausi wote wawili, huivuta huku na huku kama watoto na shuka. Aliya alikuwa akiitumia Ijumaa mashine ikikwama, ili asimwache Safwan na sahani ya wali peke yake. Mudiri, bwana mmoja jina lake Ghassan, alitia sahihi ya manunuzi na kuisahau siku hiyo hiyo. Aliyeikumbuka ni Otieno tu, fundi Mkenya wa waya, kwa sababu ndiye aliyeifunga.

*

Marhoon alikuja jioni kutoka kwake Amerat, kama alivyokuja kila siku tangu nduguye azikwe. Kwa kuwa Aliya alikuwa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, na shemegi si maharimu wa kumwona, alisimama ukumbini nyuma ya pazia, na zikaonekana ncha za viatu vyake tu.

"Salaam alaykum, shemegi. Mmeshindaje? Mnahitaji kitu?"

"Wa alayka salaam. Nnahitaji kujua nimeacha kazi lini."

Viatu vilisogea kidogo. "Alaa. Nani kakwambia?"

"Watu wa mapokezi. Wameniletea na zawadi."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe, msiba upoe kwanza. Shemegi, Safwan hakuacha mke wa kwenda kuhangaika na wanaume Mutrah. Mimi nipo. Mchele nitaleta, samaki nitaleta, skuli ya mwanao Bashayer nitalipa. Utaomba kitu gani usipewe?"

"Hapo hapo pa kuomba, Marhoon. Mimi sina mazoea."

"Kuomba kwa nduguyo si aibu."

"Kwa nini basi hukuomba ruhusa yangu?"

Akajibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto: "Nimeshatoa neno langu kwa yule mtu. Tumekunywa kahawa. Mimi mwanamme, siwezi kurudi pale kusema nilikuwa nacheza."

"Neno lako ni lako. Kazi ni yangu. Na serikali imempa mjane likizo ya eda pamoja na mshahara wake, na kiti chake kinamngoja."

"Hiyo ya wanaorudi. Wewe hurudi." Pakasikika karatasi inakunjuliwa. "Na mudiri kaniagiza maneno ya siri ya zile mashine. Kasema nane. Nitajie hapo hapo ulipo, mimi nnaandika, nna kalamu."

Aliya alijikuta anacheka, kicheko cha kwanza tangu Safwan aanguke pale bafuni, na hakikuwa cha furaha. Mtu asiyeweza kumtazama usoni alikwishamtolea kauli ofisini, na sasa alitaka ayabebe na maneno yake ya siri mfukoni mwa kanzu, katikati ya risiti za petroli.

"Rudisha kalamu yako, shemegi. Siku yatakapoandikwa, nitayaandika mimi."

"Usinitie aibu, Aliya."

"Nani aliyeanza?"

Viatu viligeuka vikaondoka. Bi Wadha alimwita mwanawe akale, akajibu kutoka mlangoni kuwa ameshiba.

*

Asubuhi Aliya alipiga simu ofisini. Aliyepokea hakuwa Masouda. Alikuwa karani wa mudiri, akaomba asubiri, ikapigwa ile nanda, ule muziki wa kusubirisha watu, mpaka sikio likachoka, kisha karani akarudi.

"Mudiri anakupa pole nyingi. Anasema anaheshimu eda yako, wala haoni kuwa ni adabu kuzungumza na mjane katika hali hiyo. Akiwa na jambo atazungumza na walii wako, yaani shemegi yako."

"Mimi mtu mzima wa miaka arubaini. Jambo ni langu."

"Ndivyo alivyosema, bibi."

"Mwambie sijaacha kazi."

"Nitamwambia, inshallah," alisema karani, kwa ile inshallah ambayo kila mtu Maskati anajua maana yake ni hapana.

Aliya aliweka simu chini, akabaki anaitazama. Uhodari ulioje wa watu hawa! Heshima wameigeuza ukuta, na ukuta wenyewe huna hata pa kuupiga teke, maana kila tofali lake ni pole. Kwenda Mutrah kwa miguu yake angeweza. Gari lilikuwa nje na funguo juu ya friji. Wako hata masheikhe waliosema mjane hutoka mchana kwa dharura. Lakini angetoka, Marhoon angepata la kusema mpaka Kiyama: kavunja eda ya ndugu yangu kwa ajili ya kompyuta. Na isitoshe, yeye mwenyewe hakutaka kutoka. Safwan alikuwa mume wake. Alitaka kumkalia eda yake kamili, bila wanja wala udi wala marashi, si kwa kuogopa watu, bali kwa sababu kilikuwa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho cha kumfanyia.

Aliyataka yote mawili, eda na kazi, na hakuona kwa nini achague.

*

Alasiri simu ililia, akaipokea Bi Wadha.

"Halo? Hapo ni kwa madam Aliya?"

"Hapa kwa marehemu Safwan. Wewe nani?"

"Mimi naitwa Otieno, mama. Nafanya na madam huku kazini, hii mambo ya waya. Poleni sana kwa msiba. Nilikuwa naomba niongee na yeye kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Mwanamke yuko eda. Niambie mimi."

"Sasa, mama, hii maneno ni ya kompyuta."

"Nimezaa watoto saba, sitashindwa kubeba maneno ya kompyuta. Sema taratibu lakini, Kiswahili chako cha bara kinakimbia kama kinafukuzwa."

Otieno alicheka, akajizuia, akakumbuka ni nyumba ya msiba. "Sawa, mama. Mwambie hivi. Kesho saa nne asubuhi mudir anaingia chumba ya seva na kijana mpya, anaitwa Aflah. Wamepata diski ya kuvunja maneno ya siri. Watatoa jina ya madam kila mahali. Halafu nimeambiwa waya zote za simu za hiyo chumba nizing'oe, hata ile ya nyumbani, ile ya Ijumaa, yenye hawajui ni ya nini. Siwezi kataa, mama, visa yangu iko kwa huyu mtu. Lakini mpaka kesho saa nne bado iko. Mwambie tu iko."

"Iko."

"Eeh. Atajua."

Bi Wadha aliubeba ujumbe mpaka jikoni, Aliya alikokuwa akichambua bamia, akautua mzima mzima, hata ile visa. Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Iko nini hiyo?"

"Njia ya kufika ofisini bila ya kutoka nyumbani, mama."

Bi kizee alichukua bamia moja, akaikata kikonyo. "Mimi nilipomkalia eda baba yao, nilikuwa na cherehani. Nilipotoka eda nikakuta ami yao kaiuza. Kasema, mjane atashona nini tena? Sikusema kitu. Nikaazima ya jirani nikashona miaka sita." Akatupa kikonyo kwenye bakuli. "Kwa hiyo wewe nenda huko ofisini."

*

Kompyuta ya nyumbani ilikaa pembe ya chumba cha kulia, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi, Aliya aliifunua, akachomeka waya wa simu, akaisikiliza inavyolia na kukoroma kama inavyofanya ikitafuta njia. Picha ya chumba cha seva ilikuja taratibu, mstari kwa mstari, rangi ya majivu, kama khanga inayokunjuliwa na mtu asiye na haraka. Alibonyeza mpaka seva ya kwanza, akaandika jina lake na neno lake la siri, akaingia. Akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, akauvuta ukajaa kioo chote, na kwa Kiarabu, kwa herufi kubwa kuliko zote alizozipata, akaandika:

MIMI ALIYA. SIJAACHA KAZI. HAKUNA ALIYENIULIZA.

Kisha akakaa na mikono mapajani, akangoja.

Saa nne ilifika ikapita. Mara mausi ikatikisika bila yeye kuigusa. Ikazunguka juu ya maandishi, ikasita, ikaenda pembeni kuufunga ukurasa. Aliya akaishika, akaivuta katikati. Ikavutwa tena pembeni. Akairudisha. Walivutana hivyo mara kadhaa, yeye Mabela na huyo asiyemwona Mutrah, mpaka yule akaiacha, akaandika chini kwa Kiswahili:

"Nani huyu? Ni virusi?"

"Virusi havijui kusoma. Wewe ndiye Aflah?"

"Ndiye. Dada Aliya? Uko wapi?"

"Kwangu, eda. Mudiri yuko hapo?"

"Yupo nyuma yangu. Dada, wallahi mimi niliambiwa umeondoka kwa hiari yako."

Akaanza kumjibu, na papo hapo kioo kikaganda. Picha ikabaki nusu na laini ikakatika. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Marhoon, aliyefika na mkate bila Aliya kujua, mkono wake umeshika simu ya pili ya laini hiyo hiyo: "Halo? Halo? Simu yenu hii ina wazimu, inapiga miluzi!"

Aliya alisimama mlangoni, nyuma ya pazia. "Iweke chini, Marhoon!"

"Nnataka kupiga Amerat, nimesahau..."

"Iweke chini!"

Hakuwahi kumpigia kelele mtu katika nyumba ile. Hata yeye alishangaa sauti ilivyotoka. Kabla Marhoon hajajibu, Bi Wadha alijikokota kutoka jikoni, akamnyang'anya mwanawe mkono wa simu, akaurudisha mahali pake, kisha akaibeba simu nzima, waya ukimfuata kama mkia, akakaa nayo kwenye kochi, ameipakata.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekaa. Kaa na wewe. Mkate ulioleta uweke mezani."

"Huyo Aliya anazungumza na nani mle ndani?"

"Anaandika. Eda haikumkataza mtu kuandika. Kaa."

Laini ililia na kukoroma tena. Picha iliporudi, palikuwa na mstari mpya, nao si wa Aflah: "Madam, mudir alisema ning'oe waya, ukapotea, akafikiri nimeng'oa. Sasa umerudi. Anasoma dua. Mimi Otieno."

Halafu ukaja mstari wa Kiarabu, wa vidole visivyozoea kibodi, herufi moja inapigwa, nyingine inatafutwa.

"Bibi Aliya. Hii si njia ya mtu mwenye msiba."

Aliya akaandika haraka. "Nilipiga simu. Ukasema ni kukosa adabu kuzungumza nami."

"Shemegi yako alikuja kwa heshima, akasema huzitaki tena kazi za nje."

"Shemegi yangu hafanyi kazi hapo. Akija kesho akasema mudiri ameacha kazi, utafungasha?"

Mausi ilitulia. Aliya alijua wako watatu mle ndani, wamejibana mbele ya kioo kimoja, na mbele yao kibodi moja, kila anayetaka kusema amngoje mwenziwe. Kwa mara ya kwanza katika msiba ule, mbele yake hapakuwa na pazia.

"Unataka nini?" aliandika mudiri.

"Nipigie simu. Mimi, si walii wangu. Na msivunje maneno ya siri, maana kila seva mtakayoivunja mtaizima, na kuna meli mbili gatini zinangoja karatasi. Maneno ninayo mimi, mfanyakazi wenu. Nnakata laini ili simu ipate kulia."

Akakata. Akasogea karibu na pazia, akatega sikio.

*

Simu ililia mapajani mwa Bi Wadha, naye akaruka kama aliyeumwa na nge. Marhoon alinyoosha mkono. "Lete nipokee mimi."

"Umesikia jina lako?"

"Mama, bila shaka ni mudiri huyo. Mimi ndiye niliyezungumza naye."

"Ndiyo maana." Alinyanyua mkono wa simu, akasema, "Ngojea," akajikokota mpaka kwenye pazia, waya umevutika mpaka mwisho wake, akaupitisha pembeni. "Aliya. Simu yako."

Akabaki amesimama pale pale, katikati ya mkwe wake na mwanawe.

"Mimi Aliya," alisema Aliya. "Nakusikiliza."

Mudiri alianza na pole, akaingia kwenye kutofahamiana, akatoka kwenye kutofahamiana akarudi kwenye pole. Aliya alimwacha azunguke mpaka aishe.

"Jumamosi uliwasimamisha watu wote ukumbini ukawatangazia kuwa nimeacha kazi," alisema. "Watangazie tena."

"Nitalifanya, inshallah, wiki hii..."

"Sasa hivi. Nimeshika simu, nasikiliza."

"Bibi Aliya, mimi ni mudiri hapa."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Ikasikika simu inawekwa juu ya meza, mlango, viti vinaburuzwa, minong'ono. Halafu sauti ya mudiri, ya mbali, ya Kiarabu cha ofisini: Bibi Aliya hajaacha kazi. Yuko katika likizo yake ya eda. Palitokea kutofahamiana. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, akakikata mwenyewe katikati alipokumbuka ni msiba. Masouda huyo, hapana mwingine.

Mudiri aliporudi, sauti yake ilikuwa imepata uchangamfu mpya, kama muuza duka aliyeona bidhaa yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Basi limekwisha hilo. Sasa, mimi sikujua kuwa kile kisanduku kinaweza mambo yale. Ajabu kubwa. Kwa hiyo tufanye hivi: wewe huhitaji likizo hata kidogo. Kaa hapo hapo kwako, fanya kazi zako kama kawaida. Seva ya tano tangu juzi inasumbua, ungeanza na hiyo leo..."

Aliya aliusogeza mkono wa simu mbali na sikio, akautazama. Jana mjane alikuwa kitu cha heshima hata salamu hapewi. Leo amegundulika anaweza kufanya kazi akiwa kwenye godoro la msiba.

"La," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema la. Nna eda. Aflah nitamfungulia jina lake mwenyewe sasa hivi, seva zote nane, na seva ya tano ataitazama yeye. Kijana ana adabu na anajua kusoma. Nikimaliza hilo nafunga mashine mpaka nitoke. Likizo ni yangu, mshahara wake ni wangu, na kiti ni changu."

"Lakini umekuja mwenyewe leo! Umekuja kazini!"

"Nimekuja kusema sijaondoka. Nimeshasema. Kwa kheri."

Akampa Bi Wadha mkono wa simu kupitia pembe ya pazia. Akaunganisha laini mara moja tena, akamfungulia Aflah jina lake, sufuria baada ya sufuria, bila kukosea hata moja. Kisha akaizima kompyuta, akang'oa waya, akaifunika kitambaa chake.

Ukumbini Marhoon alikuwa angali amesimama. Sasa sauti yake haikuwa ya kumweleza mtoto.

"Shemegi. Amerat kote nimewaambia umeacha. Msikitini wananisifu. Niwaambie nini sasa?"

"Waambie ulikosea."

"Niseme hivyo, mimi?"

"Au waambie hukuniuliza. Chagua."

Viatu havikuondoka. Baadaye kidogo Aliya alimsikia anavuta pumzi, ile ya kukatika katika, na akatambua kuwa Marhoon naye amefiwa na ndugu yake wa pekee wa kiume, na tangu mazishi alikuwa akikimbia huku na huku kununua mchele na kutoa maneno yake kwa watu, kwa kuwa hakuna aliyemwandalia godoro.

"Mpe kahawa, mama," alisema.

"Nishammiminia," alijibu Bi Wadha. "Kaa, Marhoon. Kaa hapo chini."

Aliya aliingia chumbani kwake. Hapakuwa tena na mtu wa kumjibu, wala wa kuvutana naye mausi, wala jambo la kuliwahi kabla ya saa nne. Alikaa juu ya godoro, akaegemeza mgongo ukutani, akamwita Safwan kwa jina lake. Kisha akamlilia mumewe kwa sauti, kwa nafasi yake, bila haraka ya kwenda popote.